Klasta ya injini za roketi: maana yake, na mbona huenda mrama

Pale sokoni Kongowea, mkokoteni wenye magunia ya viazi hausukumwi na hamali mmoja. Hujipanga watatu nyuma yake, bega kwa bega, na mmoja akishasema "haya!" wote hukaza miguu. Sasa tazama wa kushoto anapoteleza. Wenzake bado wanasukuma, lakini mkokoteni hauendi mbele tena. Unapinda kushoto, na mzigo unakwenda mrama.

Ukiuelewa mkokoteni huo umeielewa klasta. Katika roketi, klasta ni injini mbili au zaidi zilizofungwa pamoja kwenye kitako cha roketi moja na kuwashwa kwa wakati mmoja. Mimi ningependa tuiite tita, kama tita la kuni, lakini wanaorusha roketi ndogo wamezoea klasta na sina haja ya kushindana nao.

Isichanganywe na roketi ya ghorofa. Roketi za Scout zilizokuwa zikirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, zilikuwa na injini nne za fueli kavu, ila zilikaa moja juu ya nyingine: ya chini ikimaliza inaachwa, iliyo juu yake inawaka. Ndivyo setilaiti ya Uhuru ilivyopanda tarehe 12 Desemba 1970. Ghorofa huwaka kwa zamu. Klasta haina zamu.

Mpwa wangu, anayesoma fizikia sekondari, aliniuliza swali la haki kabisa: "Mjomba, si watie injini moja kubwa tu?" Jibu limo kwenye herufi. Injini ndogo za baruti hutoka kiwandani zikiwa na herufi, na kila herufi inaruhusu nguvu maradufu ya iliyotangulia: A haizidi nyutoni-sekunde 2.5 (yaani msukumo kwa nyutoni mara sekunde unazodumu), B 5, C 10, D 20, E 40. Anayejenga roketi nyumbani akiwa na injini za C pekee, akizifunga tatu, amejipatia nguvu ya daraja la E bila kununua E.

Chukua injini ya C6. Ile 6 ni wastani wa msukumo wake kwa nyutoni. Roketi ya gramu 300 ina uzito wa karibu nyutoni 3, na kanuni ya mafundi ni kwamba msukumo uwe walau mara tano ya uzito, ili roketi iondoke kwenye fimbo yake ya kurushia kwa kasi inayoyawezesha mapezi kushika hewa. Injini tatu zinatoa 18, mara sita. Safi. Mbili zikiwaka na moja ikalala, ni mara nne, tena msukumo wote umeegemea upande mmoja. Ndipo mkokoteni unapopinda.

Kwa hiyo ugumu wa klasta hauko kwenye nguvu, uko kwenye kuwasha. Kila injini ina kiwashio chake, kijiti chenye waya mwembamba unaopata moto umeme unapopita. Anayeanza huviunganisha viwashio kwa kufuatana, kama taa za mapambo za zamani. Cha kwanza kikiungua kinakata njia ya umeme, na vingine vinabaki baridi. Dawa ni kuviunganisha sambamba: mguu mmoja wa kila kiwashio unasokotwa pamoja na wenzake, na mguu wa pili vivyo hivyo, kila kimoja kipate umeme wake moja kwa moja. Hapo betri ndogo za tochi hazifui dafu. Wengi hutumia betri ya volti 12, kama ya pikipiki, inayoweza kutoa umeme mwingi kwa mkupuo mmoja.

Mengine ni ya fundi. Injini zikae karibu na katikati kadiri inavyowezekana, ili moja ikigoma, mkono wa kupinda uwe mfupi. Mianya kati yake izibwe kwa karatasi na gundi, maana mwisho wa safari ile baruti ndogo ya kufyatulia parachuti hutoa gesi, na gesi ikipata upenyo nyuma, pua haifunguki na roketi inashuka kama mshale. Kiwiliwili cha karatasi, mapezi ya mbao nyepesi, parachuti ya mfuko wa plastiki, yote jitengenezee. Injini usijitengenezee kamwe. Kuchanganya baruti jikoni kumekula vidole vya watu wenye akili zao.

Wakubwa nao wamepambana na mkokoteni huohuo. N1, roketi ya Wasovieti ya kwenda mwezini, ilikuwa na injini 30 chini, na mtambo wa kuzima injini iliyo mkabala na ile iliyoharibika ili mizani isipotee. Ilirushwa mara nne kati ya 1969 na 1972, na zote nne zilishindwa. Upande wa pili, Apollo 13 ya Wamarekani ilipokuwa ikipanda kuelekea mwezini Aprili 1970, injini moja kati ya tano za ghorofa ya pili ilizimika mapema. Bahati, ilikuwa ile ya katikati. Nne za pembeni zikawaka muda mrefu zaidi, safari ikaendelea. (Mkasa wao uliojulikana dunia nzima ulikuja baadaye, na hauhusiani na huu.)

Mombasa si mahali pa kuwasha klasta ya baruti bila kuuliza. Vilipuzi vina sheria na vibali vyake, injini hizo hazibebwi kwenye begi la ndege, anga la Port Reitz lina ndege, na mapaa ya makuti wakati wa kaskazi yanangoja cheche moja tu.

Sisi tulitumia maji. Chupa tatu za soda, ambazo zimeundwa kuhimili gesi, theluthi moja maji, pampu ya baiskeli, mchanga wa ufuo wa Shelly maji yalipokupwa. Kila chupa tuliijaza upepo peke yake, na mojawapo ilikuwa ikivuja. Roketi iliinuka, ikainama, ikaenda kugonga ngalawa ya mzee aliyekuwa akishona nyavu. "Mwanangu," akaniambia bila kuinua macho, "hiyo yako ina tanga moja lililochanika."

Siku ya pili tuliziunganisha chupa zote kwa mpira mmoja, shinikizo likawa sawa. Ikapanda wima mpaka juu ya minazi, ikaangukia majini, tukangoja wimbi litutolee.