Maneno matamu peke yake hayamtoi nyoka pangoni: dhana potofu kuhusu hotuba ya kushawishi

Hapa Amu, mji wa Lamu, mtoto hujifunza kusema barazani. Huketi ukingoni mwa baraza la mawe nje ya nyumba, akawasikiliza wazee wakitaniana na kusuluhisha ugomvi wa jirani, na kabla hajamaliza shule ya msingi anajua kumjibu mtu kwa fumbo. Kwa hivyo huniuma sana kuwaona watu hawa hawa wakisimama kwenye mkutano wa kushirikisha umma, mbele ya maafisa waliotoka mbali, na dakika zao tatu zikaisha kabla hawajalifikia jambo lililowaleta. Ufasaha wanao. Kinachowaangusha ni yale wanayoyaamini kuhusu hotuba. Nimewaandaa wasemaji wa mitaa na vikundi vya wavuvi kwa miaka kadhaa sasa, na dhana ninazokutana nazo ni zile zile.

“Msemaji huzaliwa. Akishika karatasi, huyo si msemaji.”

Hii ndiyo inayodhuru kuliko zote, kwa sababu humfanya mtu mwenye hoja nzuri aone aibu kujiandaa.

Watu hupenda kusimulia kwamba Abraham Lincoln, rais wa Marekani, aliandika hotuba yake ya Gettysburg juu ya bahasha, akiwa ndani ya treni. Si kweli. Alianza kuiandika Washington kabla ya kusafiri, na nakala 5 za mwandiko wake zimehifadhiwa hadi leo. Siku hiyo, Novemba 19, 1863, msemaji mkuu alikuwa Edward Everett, ambaye alizungumza kwa muda wa saa 2 hivi. Lincoln alisema maneno yasiyofika 300, akaketi. Kesho yake Everett alimwandikia kwamba angefurahi kama saa zake 2 zingekikaribia kiini cha jambo kama dakika 2 za Lincoln zilivyokikaribia. Ufupi ule ulitokana na kazi ya kupunguza, na kupunguza hakufanyiki mtu akiwa amesimama mbele ya watu.

Wengine hunitajia Martin Luther King, mtetezi wa haki za Wamarekani weusi. Ni kweli kwamba Agosti 28, 1963, mjini Washington, aliiacha karatasi yake na kuanza kuizungumzia ndoto yake. Lakini ndoto hiyo hakuipata jukwaani. Alikuwa amekwisha kuisema Rocky Mount, North Carolina, Novemba 1962, na Detroit mnamo Juni 1963. Alipoiacha karatasi, maneno yalikuwa yameshauzoea ulimi wake. Sisi tunalijua hili vizuri: kijana anaposoma kasida wakati wa Maulidi bila kutazama kitabu, hakuna anayedhani alizaliwa nayo. Tunajua amekesha akiirudia.

Mtu akinijia, swali langu la kwanza si “Utasema nini?” Namuuliza: ni nani mwenye uamuzi mle ukumbini, na unataka afanye nini? Asipoweza kuliandika jibu kwa mstari mmoja, hotuba bado. Akiweza, tunaandika hoja mbili au tatu kwa herufi kubwa, kisha anaisema kwa sauti, akiwa amesimama, saa ya simu ikihesabu. Kuisoma kimoyomoyo hakusaidii. Moyoni kila mtu ni fasaha.

“Wajaze takwimu, watakubali.”

Mzee mmoja mvuvi alinijia na ukurasa mzima wa tarakimu alizozitoa kwenye ripoti ya mradi wa bandari: kina cha mchanga utakaochimbwa, urefu wa magati, tani za mizigo. Alizisoma kwa taabu. Nikamwomba aiweke karatasi chini kidogo.

“Ami, kusi ikivuma huvua wapi?”

“Ndani ya ghuba, mwanangu. Mashua yangu ndogo, haiwezi kutoka nje ya mwamba.”

“Na ghuba ikichimbwa?”

Alinyamaza. Kisha akasema, “Basi miezi hiyo hatuna ndia.”

“Hiyo ndiyo hotuba yako, ami.”

Utafiti unaliunga mkono hilo. Mwaka 2007 Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic walichapisha jaribio walilolifanya Marekani. Watu walilipwa dola 5 kwa kujaza dodoso, kisha wakaombwa kuchangia chochote kusaidia wenye njaa Afrika. Waliosoma habari za msichana mmoja wa Mali aliyeitwa Rokia walitoa dola 2.38 kwa wastani. Waliosoma takwimu za mamilioni ya wenye njaa walitoa dola 1.14. Na waliopewa vyote viwili, Rokia pamoja na takwimu, walitoa dola 1.43 tu. Tarakimu zilizoongezwa ziliupoza moyo badala ya kuutia nguvu.

Sisemi takwimu zitupwe. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi wa Lamu wapatao 4,600 walipwe fidia ya Sh1.76 bilioni kwa hasara iliyotokana na ujenzi wa bandari, na kesi kama hiyo haishindwi kwa masimulizi. Lakini hesabu ndefu mahali pake ni kwenye waraka wa maoni. Uandike, uukabidhi, na uhakikishe nakala yako imepigwa muhuri. Mdomoni beba tarakimu moja, ile ambayo msikilizaji atatoka nayo mlangoni.

Wala usidhani kwamba maneno ya ukumbini hupotea hewani. Juni 26, 2019, Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Kwasasi, hapa hapa Lamu, na mojawapo ya sababu kuu ilikuwa kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo.

“Usiitaje hoja ya mpinzani, utampa nguvu.”

Kwani kuna asiyeijua? Kila aliyekaa ukumbini ameshasikia kwamba mradi utaleta ajira. Ukijifanya hukusikia, wataona unaogopa.

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, mwanasaikolojia Carl Hovland na wenzake walilipima jambo hili kwa askari wa Marekani. Kundi moja lilisikilizishwa hoja za upande mmoja, jingine likasikilizishwa na za upande wa pili pia. Wale ambao tangu mwanzo hawakukubaliana na ujumbe walivutwa zaidi na maelezo yaliyotaja pande zote mbili. Na hao ndio unaowaendea, maana wanaokubaliana nawe hawahitaji hotuba. Tafiti za baadaye zimeongeza sharti moja: ukiitaja hoja ya mwenzako, ijibu. Ukiitaja na kuiacha hapo, umemfanyia kazi yake.

Mama mmoja niliyemwandaa alilisema hivi: “Ndiyo, vijana wetu wanataka kazi, na wangu ni mmoja wao. Naomba tuandikiwe ni kazi ngapi, za ujuzi gani, na nani atawafundisha.” Hakumgombeza mtu, na swali lake halikuwa na mahali pa kupenyea.

“Maneno ni asilimia 7 tu, yaliyobaki ni sauti na mwili.”

Nimewasikia hata wakufunzi wa semina wakiisema. Asili yake ni majaribio ya mwanasaikolojia Albert Mehrabian ya mwaka 1967, ambayo yalihusu jinsi tunavyoukisia moyo wa mtu anapotamka neno moja tu huku sauti au uso wake ukisema jingine. Mwenyewe alieleza kwamba hesabu yake inahusu mawasiliano ya hisia na mielekeo, si kila mazungumzo. Kama ingekuwa kweli kwa kila hotuba, asiyejua Kiarabu angeielewa khutba ya Ijumaa karibu yote kwa kumtazama khatibu. Simama wima, watazame watu, halafu shughulikia maneno yako.

“Paza sauti ndipo wajue una uchungu.” Mwenye kelele hana neno. Kipaza sauti kipo. Ukifika penye uzito, punguza mwendo na unyamaze kidogo kabla ya kuendelea.

“Hodari haogopi.” Mikono hutetemeka, hata ya mwenye uzoefu. Alison Wood Brooks wa Chuo Kikuu cha Harvard alichapisha utafiti mwaka 2014: watu waliojiambia kwamba wamechangamka walihutubu vizuri kuliko waliojiambia watulie. Moyo unaodunda ni vigumu kuuamuru ulale. Ni rahisi zaidi kuuambia kwamba unadundia jambo jema.

“Malizia kwa shukrani.”

Shukrani na dua ni adabu yetu, ziwepo. Lakini zikiwa ndizo neno la mwisho, ofisa ataondoka ameshukuriwa na hana la kufanya. Lile ombi ulilolitafuta siku ya kwanza, la mstari mmoja, liweke mwishoni, likiwa na mtu wa kulitekeleza na siku ya kulijibu.

Yule mzee wa mashua alipewa dakika tatu. Alishukuru mwanzoni, akaieleza kusi, akamtaja mjukuu wake anayemlipia karo, kisha akasema: “Tunaomba kazi ya kuchimba isimame miezi ya kusi, na jibu tuandikiwe kabla ya Ramadhani.” Akaketi, muda ukiwa umebaki. Karani akainua kichwa, akamwomba alirudie ombi lake taratibu ili aliandike.