Saa ya siku 60 isiyogonga: Marekani inavyoingia vitani bila kura

Rais wa Marekani akiamuru majeshi yashambulie nje ya nchi, sheria inamtaka ndani ya saa 48 apeleke taarifa ya maandishi kwa Spika wa Baraza la Wawakilishi na kwa Rais wa Muda wa Seneti. Nyingi ya barua hizo hutolewa hadharani. Ukipata moja, ruka aya zinazosifu weledi wa wanajeshi, utafute sentensi inayotaja Azimio la Mamlaka ya Vita. Karibu kila mara rais ataandika kwamba anatoa taarifa "kwa kuendana na" azimio hilo, si "kwa mujibu wa" azimio hilo. Mtu wa kawaida ataona huo ni ukarani tu. Lakini wanasheria wa Ikulu huyapima sana maneno hayo, kwa sababu "kwa mujibu wa" ni kukiri kwamba sheria inamfunga rais.

Katiba yenyewe haina utata. Ibara ya 1, kifungu cha 8, inalipa Bunge lao, yaani Kongresi, mamlaka ya kutangaza vita na ya kugharimia majeshi. Rais ni amiri jeshi mkuu, maana yake anaongoza vita ambavyo wawakilishi wa wananchi wameviridhia, na anaruhusiwa kujihami nchi inaposhambuliwa ghafla. Hata hivyo, mara ya mwisho Kongresi kutangaza vita rasmi ilikuwa Juni 1942, dhidi ya Bulgaria, Hungaria na Romania. Vita vya Korea vilipiganwa bila kura yoyote ya kuviidhinisha.

Ni Vietnam iliyowachosha. Novemba 7, 1973, Kongresi ilipitisha Azimio la Mamlaka ya Vita kwa kuishinda kura ya turufu ya Rais Nixon. Utaratibu wake ni huu: rais akishatoa taarifa kwamba wanajeshi wameingia kwenye mapigano, au muda wa kuitoa ukishafika, saa inaanza kuhesabu. Siku 60 zikipita bila idhini ya Kongresi, lazima asimamishe. Anaweza kuongeza 30 tu, na ni kwa ajili ya kuwaondoa wanajeshi salama.

Sasa tazama inavyovuja. Sheria inataja taarifa za aina tatu: wanajeshi wameingia kwenye mapigano au yako karibu kutokea, wamepelekwa nchi ya kigeni wakiwa na silaha za vita, au idadi ya waliokwisha kuwepo huko imeongezwa sana. Ni aina ya kwanza peke yake inayoanzisha saa. Kwa hiyo marais huandika barua bila kusema ni aina ipi. Tangu 1973 ni taarifa moja tu iliyotaja wazi kipengele hicho, ya Rais Ford mwezi Mei 1975 kuhusu Mayaguez, meli ya Marekani iliyotekwa na Kambodia, na ilipofika operesheni ilikuwa imeshakwisha.

Tundu la pili ni neno "mapigano", ambalo sheria haikulifafanua. Mwaka 2011 Marekani ilianza kuishambulia Libya Machi 19. Siku 60 zilipopita, serikali ya Obama ilidai kwamba kilichokuwa kikiendelea si mapigano kwa maana ya sheria, kwa kuwa hapakuwa na askari wa ardhini na hatari kwa Wamarekani ilikuwa ndogo. Sisi wa mrengo wa kiliberali hatuna budi kulisema hili bila kumung'unya maneno: hoja hiyo ilikuwa mbovu, na rais wa mrengo wetu ndiye aliyeitoa. Anayerushiwa kombora hawezi kuambiwa hayumo vitani eti kwa sababu aliyelirusha yuko mbali.

Tundu la tatu ndilo kubwa. Sheria ya 1973 iliipa Kongresi uwezo wa kuwarudisha wanajeshi kwa azimio la mabaraza yote mawili, bila sahihi ya rais. Mwaka 1983 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Chadha iliyohusu uhamiaji, ilibatilisha maazimio ya namna hiyo. Tangu hapo njia inayobaki ni azimio la pamoja, ambalo rais anaweza kulipigia turufu. Hesabu ikageuka. Kusimamisha vita rais asivyotaka visimame kunahitaji theluthi mbili: wajumbe 290 wa Baraza la Wawakilishi na maseneta 67, wote wakihudhuria. Kuvianzisha kunahitaji mtu mmoja.

Yemen ilionyesha jambo hili vizuri. Azimio la kukomesha ushiriki wa Marekani katika vita vya Saudi Arabia lilipita Seneti Machi 2019 kwa kura 54 dhidi ya 46, likapita Baraza la Wawakilishi kwa 247 dhidi ya 175. Trump akalipigia turufu. Seneti ilipojaribu kuivuka ilipata 53. (Miezi michache kabla, Desemba 2018, viongozi wa Baraza la Wawakilishi walikuwa wamezuia mjadala wa Yemen kwa kuchomeka sentensi moja ndani ya kanuni za kujadili muswada wa kilimo.)

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki, suala hili liko mlangoni. Kongresi ilipitisha idhini ya kutumia nguvu siku chache baada ya Septemba 11, 2001. Katika Baraza la Wawakilishi kura zilikuwa 420 kwa 1. Aliyekataa ni Barbara Lee wa California. Idhini hiyo inawahusu waliopanga, waliotekeleza au waliosaidia mashambulizi yale, na waliowahifadhi. Al-Shabaab haikuwepo mwaka ule. Lakini wanasheria wa serikali walibuni kundi la "washirika wa al-Qaeda", na mwishoni mwa 2016 al-Shabaab nzima ikaingizwa humo. Mashambulizi ya ndege zisizo na rubani nchini Somalia yamesimamia hapo, na Wamarekani watatu waliouawa Manda Bay, Lamu, Januari 5, 2020, walikuwa sehemu ya operesheni ambazo hakuna mbunge wao aliyewahi kupiga kura ya kuziidhinisha kwa jina.

Kinachofanya kazi ni mfuko. Mabomu ya Marekani yalikoma kudondoka Kambodia Agosti 15, 1973 kwa sababu Kongresi ilikata fedha kuanzia tarehe hiyo. Baada ya wanajeshi 18 kuuawa Mogadishu Oktoba 1993, Clinton alitaja Machi 31, 1994 kuwa mwisho, na Kongresi ikaiandika tarehe hiyo ndani ya sheria ya bajeti ya ulinzi. Bajeti ina nguvu kwa kuwa rais anaihitaji. Akiipigia turufu anajikaba mwenyewe.

Ndiyo maana pendekezo tunaloliona lina mantiki kuliko yote ni lile la Julai 2021 la maseneta Chris Murphy, Bernie Sanders na Mike Lee, ambaye ni Mrepublican wa Utah. Linapunguza siku 60 kuwa 20, linafafanua "mapigano", na zaidi ya yote linageuza mzigo: siku zikiisha bila idhini, fedha zinakatika zenyewe. Rais ndiye atakayelazimika kutafuta kura, si wapinzani wa vita.

Muswada huo haukupita. Kwa sasa seneta mmoja bado ana njia: akiwasilisha azimio la kuondoa wanajeshi, kamati ina siku 10, kisha anaweza kuomba litolewe humo, na wingi wa kawaida unatosha. Tim Kaine alifanya hivyo Juni 2025 baada ya Iran kushambuliwa, akashindwa kwa 47 dhidi ya 53. Kura hizo huandikwa kwa majina. Kama una ndugu mwenye haki ya kupiga kura Minneapolis au Columbus, anaweza kufungua tovuti ya Seneti akaona seneta wake alisimama wapi.