Je, wajua ni kwa nini sheria za usonji mara nyingi huanzia kwa wazazi?

Wengi wakisikia kwamba familia zilishiriki kutunga sheria kuhusu usonji (autism), hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri mawasiliano na mahusiano, huwaza mama aliyesimama mbele ya kamati ya bunge, akisimulia kwa uchungu maisha ya mwanawe, wabunge wakaguswa, kisha wanasheria wakaenda kuandika muswada. Kwa dhana hiyo, kazi ya familia ni kuamsha huruma, na kazi ya kufikiri ni ya wataalamu. Dhana hiyo ina kosa kubwa, na inastahili kusahihishwa kwa kirefu, kwa sababu inaficha kitu chenye thamani zaidi ambacho familia huleta mezani, nacho ni ujuzi wa mahali hasa huduma zinapokatikia.

Huruma peke yake ni msingi dhaifu wa sheria. Mbunge aliyeguswa anaweza kuunga mkono azimio la kuwatambua watu wenye usonji, na mtoto yuleyule aliyemgusa akaendelea kukaa nyumbani kwa kuwa hakuna shule iliyolazimishwa kumpokea. Sheria inayofanya kazi hujibu maswali makavu: nani anawajibika, afanye nini, kabla ya tarehe gani, na asipofanya atachukuliwa hatua gani. Mzazi aliyerudishwa na shule tatu huwa ameshajiuliza maswali hayo yote kabla mwanasheria hajaombwa kushika kalamu.

Brazil inatoa mfano ulio wazi. Sheria nambari 12.764, iliyotiwa saini tarehe 27 Desemba 2012, hujulikana nchini humo kwa jina la Berenice Piana, mama aliyeipigania kwa miaka kadhaa, ambaye mwanawe ana usonji. Seneti ya Brazil ina kamati ya haki za binadamu na utungaji sheria shirikishi, ambayo inaruhusiwa kupokea mapendekezo ya sheria kutoka kwa jumuiya za raia, na pendekezo likikubaliwa hugeuzwa kuwa muswada wa kamati yenyewe. Familia zilipitia njia hiyo, na pendekezo lao likawa muswada wa Seneti mwaka 2011.

Yaliyomo ndiyo yanayoonyesha mkono wa mzazi. Ibara ya kwanza inatamka kwamba mtu mwenye usonji ni mtu mwenye ulemavu kwa madhumuni yote ya kisheria. Tamko hilo ni fupi, lakini haki zote ambazo sheria za Brazil zilikuwa tayari zimewapa watu wenye ulemavu zilimfikia kwa mara moja, bila kuandikwa upya. Ibara ya saba inamgusa mkuu wa shule anayekataa kumwandikisha mwanafunzi mwenye usonji: atatozwa faini ya kima cha chini cha mshahara mara 3 hadi mara 20, na akirudia kosa anaweza kupoteza cheo chake. Adhabu haikuelekezwa kwa wizara wala kwa mfumo wa elimu kwa jumla, bali kwa mtu anayekaa katika ofisi ambamo mzazi huambiwa kwamba nafasi zimejaa. Kwa maoni yangu, kifungu cha namna hiyo hakiandikwi na mtu ambaye hajawahi kukaa kwenye kiti cha wageni katika ofisi hiyo.

Lakini je, kwa nini ofisi zenyewe, zenye takwimu na wataalamu, hazikuyaona mapengo hayo mapema? Tuchukue hali iliyokuwapo England. Mtu mzima mwenye usonji aliyehitaji msaada angeweza kupelekwa kwenye kitengo cha ulemavu wa kujifunza, akaambiwa kwamba alama zake za kipimo cha akili zimezidi 70, hivyo hastahili kuhudumiwa hapo. Akienda kitengo cha afya ya akili, aliambiwa kwamba usonji si ugonjwa wa akili, hivyo hapo pia si mahali pake. Kila kitengo kilikuwa kimefuata kanuni zake, na mtu aliyekataliwa mlangoni haingii kwenye daftari la waliohudumiwa vibaya.

Ni kama mbio za kupokezana vijiti. Kila mkimbiaji anakijua kipande chake cha uwanja, na ukimuuliza atakueleza kwa haki kabisa kwamba alikimbia vizuri. Kijiti ndicho pekee kilichopita katika mikono yote, na kama kiliangushwa kati ya mkimbiaji wa pili na wa tatu, wa kwanza na wa nne hawawezi kujua. Familia ndiyo inayosafiri kama kijiti hicho, kutoka kliniki hadi shuleni, kutoka shuleni hadi ustawi wa jamii, kutoka huduma za watoto hadi huduma za watu wazima. Barua mbili za kukataliwa, zilizoandikwa na vitengo viwili visivyowasiliana, hukutana kwa mara ya kwanza katika bahasha ya mzazi.

Mwaka 2009 mbunge wa Uingereza Cheryl Gillan, ambaye jina lake lilitoka la kwanza katika kura ya bahati inayowapa wabunge wa kawaida nafasi ya kuwasilisha miswada, alipeleka muswada ulioungwa mkono na National Autistic Society, chama kilichoanzishwa mwaka 1962 na wazazi. Ukawa sheria tarehe 12 Novemba mwaka huohuo. Cha kushangaza ni kwamba sheria hiyo ni fupi mno na yenyewe haimhakikishii mtu huduma yoyote mahususi. Ilimlazimisha waziri kutoa mkakati kuhusu watu wazima wenye usonji kabla ya tarehe 1 Aprili 2010, kisha mwongozo kabla ya mwaka huo kwisha, na ikazibana halmashauri na taasisi za huduma za afya ziufuate mwongozo huo isipokuwa ziwe na sababu nzito. Katika mwongozo ndimo ilimoandikwa kwamba mtu asinyimwe tathmini ya mahitaji yake kwa kigezo cha alama za kipimo cha akili.

Marekani njia ilipitia kwenye bima. Lorri Unumb, mama na mwanasheria, aliandika muswada wa kulazimisha bima za afya katika jimbo la Carolina Kusini zigharamie matibabu ya watoto wenye usonji. Gavana aliutilia kura ya turufu, na mwaka 2007 bunge la jimbo likaipindua. Kufikia 2019 majimbo yote 50 yalikuwa na masharti ya aina hiyo. Hata hivyo sheria za majimbo haziyagusi mafao ya afya ambayo mwajiri huyagharamia mwenyewe, kwa kuwa hayo yako chini ya sheria ya shirikisho ya mwaka 1974, na kwa hiyo watoto wa nyumba mbili jirani wanaweza kuwa na haki tofauti kutegemea wazazi wao wameajiriwa wapi.

Hapa tahadhari inahitajika. Kwamba familia huweza kubadili maandishi ya sheria ni jambo lililothibitika. Kwamba maandishi hayo hubadili maisha ni gumu zaidi kuonyesha. Sheria ya England haikutenga fedha ndani yake, na mwaka 2025 Baraza la Malodi, ambalo ni baraza la juu la bunge la Uingereza, liliunda kamati maalumu kuchunguza imeleta nini. Tena, familia zinazosikika si lazima ziwe zile zenye shida kubwa zaidi. Anayeweza kuacha kazi siku nzima ili afike bungeni, au aliyesomea sheria kama Unumb, ana nafasi ambayo wengi hawana.

Vilevile mzazi na mwanawe wanaweza kutaka mambo tofauti. Sheria ya shirikisho la Marekani ya mwaka 2006, iliyopiganiwa na vyama vya wazazi, ilibeba katika jina lake neno la kupambana na usonji, na watu wazima wenye usonji waliipinga kwa hoja kwamba wao si adui wa kupigwa vita. Jina hilo liliondolewa mwaka 2014. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, katika ibara ya 4, unazitaka serikali zishauriane na watu wenye ulemavu wenyewe, watoto wakiwemo, kupitia vyama vinavyowawakilisha. Sheria iliyofanyiwa marekebisho Marekani mwaka 2014 ilikwenda upande huohuo: kamati inayoratibu masuala ya usonji katika serikali ya shirikisho ilitakiwa iwe na wajumbe wasiopungua wawili wenye usonji, pamoja na wasiopungua wawili ambao ni wazazi au walezi, na hakuna kundi linalohesabiwa kwa niaba ya jingine.