Tsedaka si sadaka

"Ijumaa watoto wa chekechea ya Kiyahudi hutoa sadaka." Sentensi hii, inayoifasiri tsedaka kuwa sadaka, inasomeka vizuri, na ndiyo maana inapotosha.

Tsedaka ni mali ambayo Myahudi analazimika kumpa mhitaji. Basi.

Matata yako kwenye mzizi. Kiebrania na Kiarabu ni ndugu, na maneno haya mawili yamejengwa kwa konsonanti tatu zilezile. Ila kila ndugu alishika njia yake. Kwa Kiarabu mzizi uliegemea ukweli; kwetu ukatuletea sadiki na, ndiyo, sadaka, kitu atoacho mtu kwa hiari ya moyo. Kwa Kiebrania uliegemea haki. Tsedeki ni haki. Kumbukumbu la Torati 16:20 inalitaja neno hilo mara mbili mfululizo. Katika Torati tsedaka yenyewe ni uadilifu. Marabi, walimu wa sheria ya Kiyahudi, ndio waliolisogeza neno hadi kwenye kumpa maskini, na uzito wa haki wakauacha humohumo. Ndiyo maana Maimonides, rabi wa karne ya 12, anaagiza hata maskini anayeishi kwa tsedaka naye atoe. Agizo hilo kwa sadaka lingekuwa kioja. Mwislamu akitafuta kwake kitu kilicho karibu zaidi na tsedaka, atazame zaka, ingawa zaka ina kiwango chake na maskini hadaiwi.

Darasani tofauti hii huonekana kwenye sarafu. Kisanduku cha tsedaka huzungushwa Ijumaa kabla ya mishumaa ya kuikaribisha Sabato, kwa kuwa Sabato ikishaingia fedha haishikwi. Watoto wakija na sarafu za nyumbani, mmoja ana tano, mwenzake hana, mwalimu akamsifu wa tano, hapo imeshakuwa sadaka. Afadhali wazazi wachange mapema, ziwekwe bakulini za aina moja, kila mtoto achukue moja. Wa chini ya miaka 3 wapewe vibao vikubwa vya mbao, maana sarafu humezwa. Kisanduku kiwe kinachoonyesha ndani, kifunguliwe mbele yao kila baada ya wiki 4 hivi. Kikikaa mwaka mzima, mtoto ataona fedha zinapotelea shimoni tu. Zigeuzwe mchele au maharage, wabebe wenyewe pakiti hadi mlangoni.

Mfasiri aliyebanwa na nafasi anaweza kuandika "fungu la mhitaji". Na mwalimu anayesema "una moyo mzuri" hajakosea adabu. Ajaribu tu, Ijumaa ijayo, "haya, fungu la wenzetu limeingia".