"Kubonyeza nusu" kwenye kamera ya mkanda ni nini hasa?

Siku hizi vijana wengi wananunua zile kamera za mkanda za mwisho mwisho, Canon EOS 500, EOS 300, Nikon F65 na wenzake, kwa sababu bei haiumi na zinafokasi zenyewe, yaani zinarekebisha lenzi picha itoke kali bila ukungu, halafu mkanda ukisafishwa wanakuta nusu ya picha zina ukungu wanasema wameuziwa kamera mbovu. Mara nyingi kamera ni nzima kabisa, tatizo lipo kwenye kidole.

Kile kitufe cha kupigia picha kina hatua mbili. Ukikigandamiza taratibu kinashuka kidogo halafu unakisikia kinagoma, hapo ndo nusu, ukiendelea ndo shata, lile pazia la ndani linaloruhusu mwanga, inafunguka na mkanda unasogea. Ile nusu ya kwanza haipigi kitu, inaipa kamera kazi ya kupima mwanga na kutafuta fokasi, utasikia lenzi inazunguka, inalia pi-pi, na ukichungulia utaona kidoti cha kijani kimewaka pale chini. Sasa usiachie. Ukishikilia hapo hapo fokasi inaganda kwenye umbali ule ule hata ukisogeza kamera kushoto au kulia, na hiyo ndo maana yenyewe ya kubonyeza nusu, wewe ndo unaiambia kamera "nataka hiki", la sivyo itajichagulia.

Kwanini uiambie? Kwa sababu haijui sura ya mtu. Ndani kuna kijisensa kidogo chini ya kile kioo kinachoakisi picha unayoiona ukichungulia, kinapokea mwanga umegawanywa mara mbili na kulinganisha hizo pande mbili, zikipishana kinajua lenzi iende mbele au nyuma na kwa kiasi gani. Lakini lazima kipate pa kushika, mstari, ukingo, sehemu nyeusi inapokutana na nyeupe. Kielekeze kwenye ukuta mweupe mtupu uone lenzi inavyohangaika mbele nyuma mbele nyuma na picha haipigi. Na alama za fokasi, yaani zile sehemu za picha ambazo kijisensa kinaweza kuangalia, ni chache, EOS 1000 ya mwaka 1990 ina moja tu katikati, EOS 500 ya 1993 ina 3, EOS 300 ya 1999 ina 7.

Mimi nilijifunza kwa picha ya babu na bibi. Walikaa barazani, kati yao pengo kidogo, nikaweka katikati vizuri nikabonyeza moja kwa moja mpaka chini. Picha imerudi, matofali ya nyuma unaweza kuyahesabu, wazee wenyewe kama wamekaa kwenye moshi. Alama ya fokasi ya katikati ilipita kwenye lile pengo ikashika ukuta. Hiyo picha iliniuma sana kwa kweli, maana kamera ya mkanda haina kioo cha kuangalia hapo hapo ukarudia.

Nilitakiwa nilenge ukingo wa kilemba cha bibi pale karibu na jicho, nibonyeze nusu, nisubiri kijani, nirudishe kamera katikati wote wawili waingie, ndo nimalizie. Miguu isisogee, ukipiga hatua hata moja umbali umebadilika na fokasi imeenda. Na kwenye hizi Canon mwanga nao unaganda pamoja na fokasi, kwahiyo usilenge kanzu nyeupe inayong'aa juani, uso unaweza kutoka mweusi.

Ukizungusha kamera iwe kwenye alama ya mkimbiaji, ile ya kupiga michezo, ni habari nyingine, pale fokasi haigandi, inamfuata anayesogea muda wote uliobonyeza nusu, kwahiyo mweke kwenye alama ya fokasi mpaka mwisho.

Fanya mazoezi kabla ya kuweka mkanda, EOS 300 inafyatua bila mkanda, weka betri zake 2 za CR2 ukae sebuleni unalenga kikombe, nusu, kijani, sogeza, malizia, mpaka kidole kipajue pale kitufe kinapogoma bila wewe kufikiria. Na kabla ya yote, kama ni Canon, angalia ubavuni mwa lenzi, kuna kiswichi kimeandikwa AF na M au MF. Kikiwa kwenye M lenzi haitazunguka hata ubonyeze vipi, ila picha itapiga tu, zote 36.