Miche ya Hazeli na Sheria ya Afya ya Mimea: Ufafanuzi kwa Wakulima wa Mtwara na Lindi

Tangu malipo ya korosho ya msimu uliopita yaingie mikononi mwa wakulima, sisi wakaguzi wa afya ya mimea tumekuwa tukipokea maswali na malalamiko kuhusu miche ya hazeli, mti wa njugu wa nchi zenye baridi, inayotangazwa kwenye simu kama "zao jipya la pwani". Wanaotuuliza ni watu makini wanaotafuta zao la pili baada ya korosho, na nia hiyo ni njema. Hata hivyo, kuna mambo mawili yanayopaswa kueleweka kabla mtu hajatoa fedha yake: mti wenyewe hautazaa huku, na kuuingiza nchini bila kibali ni kosa.

Ni kweli kwamba hazeli hulimwa pwani, lakini pwani zenyewe ni za Bahari Nyeusi kule Uturuki, katika mikoa ya Ordu, Giresun na Trabzon, ambako hutoka zaidi ya nusu ya hazeli zote duniani. Hulimwa pia Oregon, Marekani, kwenye bonde la mto Willamette, ambalo hupata ubaridi na mvua za majira ya baridi kutoka Pasifiki. Mti huu hupukutisha majani na kulala, na ili uamke vizuri aina nyingi huhitaji saa zipatazo 800 hadi 1,200 za baridi iliyo chini ya nyuzi 7 za Selsiasi. Maua yake hufunguka katikati ya baridi hiyohiyo: ya kiume huning'inia kama mikia myembamba ya rangi ya manjano, ya kike ni kishada kidogo chekundu kisichozidi kichwa cha kiberiti, na upepo ndio unaobeba chavua. Zaidi ya hayo, mti hauwezi kujichavusha wenyewe, hivyo anayeuziwa mche mmoja "wa majaribio" na kuupanda peke yake hatapata njugu hata mahali penye baridi ya kutosha.

Mtwara mjini, usiku wa baridi kabisa wa kipupwe hauteremki hata kufikia nyuzi 10. Tumejibiwa mara nyingi kwamba Newala kuna ukungu na watu hulala na mablanketi. Ukungu wa Newala hauhesabiki kama saa za baridi, na tungeomba hoja hiyo isirudiwe tena.

Mwezi Julai mama mmoja kutoka Tandahimba alituletea mche mmoja kati ya 20 aliyokuwa amenunua kwa fedha ya korosho. Tulipokwangua gome kwa kucha, chini yake palikuwa na ukijani, kwa hiyo mche ulikuwa hai. Lakini machipukizi yalikuwa yamefumba, magumu kama punje za mtama, na yeye alikuwa ameumwagilia maji kila jioni kwa miezi saba. Tulipomwomba kibali cha kuingiza mimea na cheti cha usafi wake alionyesha risiti ya muuzaji. Risiti si kibali.

Utaratibu, chini ya Sheria ya Afya ya Mimea Na. 4 ya mwaka 2020, unaanza kabla mche haujang'olewa huko ulikotoka. Mwombaji anawasilisha maombi kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), akitaja jina la kitaalamu la mmea, ambalo kwa hazeli ni Corylus avellana, pamoja na aina, idadi, nchi ya asili na mahali utakapoingilia, iwe bandari ya Mtwara, uwanja wa ndege au mpaka wa Mtambaswala. Mmea ambao haujawahi kuingizwa kutoka nchi hiyo hufanyiwa kwanza tathmini ya hatari ya visumbufu, yaani wadudu na magonjwa ya mimea, na tathmini hiyo haiharakishwi kwa kupiga simu. Kibali kikitoka, nakala yake hupelekwa kwa muuzaji ili taasisi ya afya ya mimea ya nchi yake ikague shehena kwa masharti yaliyoandikwa humo na kutoa cheti cha usafi wa mimea, ambacho lazima kifuatane na mzigo wenyewe. Mizizi isiwe na udongo. Kreti za mbao ziwe zimepashwa joto hadi nyuzi 56 kwa dakika 30 na kupigwa mhuri. Shehena isiyotimiza masharti hurudishwa au kuteketezwa kwa gharama ya mwenye mzigo, na mhusika anaweza kufikishwa mahakamani, ambako adhabu ni faini, kifungo au vyote viwili.

Wapo wanaosema mche unaoonekana mzima hauna haja ya karantini. Kuna kuvu wa hazeli, Anisogramma anomala, ambaye huishi ndani ya tawi kwa zaidi ya mwaka mmoja kabla ya donda lolote kuonekana kwenye gome. Kwa njia hiyo alivuka Marekani kutoka mashariki hadi magharibi na kuua mashamba mengi ya Oregon. Kuvu huyo hashambulii mikorosho, lakini mche huweza kuja na magonjwa mengine kwenye mizizi na majani, na wakulima wa kusini, ambao kila mwaka hununua salfa kwa sababu ya ubwiriunga, wanajua gharama ya kuishi na ugonjwa ambao hauondoki tena shambani.

Aliyekwisha kupanda miche hiyo asiing'oe na kuitupa jalalani, wala asimgawie jirani vipandikizi. Aiache palepale, atenge majembe na mikasi iliyotumika hapo, kisha amweleze ofisa ugani wa kata yake, akimwonyesha mfuko ulioletwa na miche hiyo na ujumbe wote aliotumiwa na muuzaji. Ujumbe huo usifutwe kwenye simu, kwa kuwa ndio unaotuwezesha kumfikia aliyeingiza mzigo.