Kuutambua mjozi mweusi: anzia kwenye kijitawi

Mjozi mweusi, ambao wanasayansi wanauita Juglans nigra, huota wenyewe katika misitu ya mashariki na katikati mwa Marekani hadi kusini mwa Ontario, Kanada. Wengi wanajua thamani yake, ila wachache wanaweza kuutambua kwa uhakika wakati wa baridi, na majani hayatoi msaada wa muda mrefu, kwa kuwa mti huu huchelewa kuchipua na ni miongoni mwa miti ya kwanza kupukutisha. Ndiyo maana ninapowafundisha wanaoanza kazi ya misitu naanza na kijitawi.

Chukua kijitawi cha mwaka uliopita, ukipasue kwa urefu kwa kisu kikali. Katikati utaona uboho wa kahawia hafifu uliogawanyika katika vyumba vidogo, vikitenganishwa na viwambo vyembamba vilivyopangana mithili ya vipago vya ngazi. Jamaa yake wa karibu, Juglans cinerea, nao una vyumba hivyo, lakini uboho wake ni wa kahawia iliyokolea, na juu ya kila kovu lililoachwa na jani pana ukingo wa vinyweleo vifupi. Kovu la mjozi mweusi halina ukingo huo; badala yake, upande wake wa juu umebonyea pale tumba lilipokaa. Nawasihi wasomaji wazoee kutumia lenzi ya mkono, kwani gome jeusi lenye mifereji mirefu, ambalo wengi hulitegemea, hubadilika sana kulingana na umri wa mti.

Majira ya joto kazi ni rahisi zaidi. Jani moja hubeba vijani 15 hadi 23, na kile cha kwenye ncha mara nyingi ni kidogo au hakipo kabisa. Mti unaochanganywa nao ni Ailanthus altissima, uliotoka China, ambao vijani vyake vina meno machache yenye tezi karibu na kitako tu, ilhali vijani vya mjozi vina meno madogo ukingo mzima.

Tunda huanguka kuanzia Septemba. Ganda la nje, ambalo ni la kijani, liondolewe mapema, kwa sababu likiachwa lioze juu ya kokwa huharibu rangi na ladha ya kiini. Vaa glavu, maana maji yake hutia mikononi rangi ya kahawia isiyotoka kwa sabuni. Rangi hiyohiyo imetumika tangu zamani kutia nguo na nyuzi. Kokwa zikishaoshwa hukaushwa kivulini wiki kadhaa kabla ya kuvunjwa, na kiini chake kina ladha kali kuliko jozi za kawaida za madukani. Mbao zake za kahawia iliyoiva hazijipindi ovyo zikikauka, na ndiyo sababu mafundi huzichagua kwa samani na vitako vya bunduki.

Mwenye bustani anapaswa kujua kwamba mizizi, majani na maganda ya mti huu yana kemikali iitwayo jugloni, ambayo hunyausha nyanya, bilinganya na pilipili zilizopandwa karibu. Wafugaji nao wasitandaze maranda ya mbao zake katika zizi la farasi, kwa kuwa hata kiasi kidogo kikichanganyika na maranda mengine huweza kusababisha uvimbe mkali wa ndani ya kwato.